Maswali Matano Kabla ya Chai

Kama mzazi wako amekuuliza swali lile lile mara nne leo asubuhi, na mara ya nne ukamjibu kwa sauti ambayo hukujua unayo, basi haya nimeyaandika kwa ajili yako. Mimi si daktari. Nilisomea bayokemia, na kwa miaka minne kazi yangu ilikuwa kupima tishu za ubongo wa watu waliokufa wakiwa na ugonjwa wa Alzheimer. Lakini mengi ninayotaka kukuambia hayakutoka maabara. Huko nilijifunza kosa moja tu la maana, na nitalieleza zamu yake ikifika.

Mama yangu alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza mjini Kajiado kwa miaka ishirini na saba. Sisi ni Wakamba. Baba alikuja huku kufanya kazi kwenye machimbo ya marumaru, akafariki nikiwa mdogo, na Mama akabaki kwa sababu alikuwa na darasa. Karibu watoto wake wote walikuwa Wamaasai, na mtoto wa Kimaasai hamsalimu mtu mzima kwa kumpa mkono. Anasogea mbele yake, anainamisha kichwa, na mtu mzima anamwekea kiganja utosini. Kila asubuhi walipanga foleni mlangoni, na Mama aligusa vichwa vile kimoja kimoja akisema, "Haya, ingia. Haya, ingia."

Mimi na kaka yangu Kioko tulikuwa kwenye foleni hiyo hiyo. Nakumbuka nikingoja zamu yangu na kujiambia kwamba labda leo kiganja kitakaa kidogo zaidi kwangu, kwa kuwa mimi ni wake. Hakikukaa. "Haya, ingia." Nikaenda kuketi nikiwaza kwa nini. Nimekuwa mtu wa kuwaza kwa nini tangu siku hizo.

Alistaafu mwishoni mwa miaka ya tisini, akahamia Kitengela, kwenye nyumba ya vyumba vitatu aliyojenga polepole kwenye ploti yake. Kitengela ya wakati ule ilikuwa nyika inayojifunza kuwa mji. Asubuhi wafanyakazi wa viwandani walipita kwa miguu kwa mamia, na nyuma ya ua wetu ungeweza kuona pundamilia wamesimama kana kwamba wao pia wanangoja ajira. Maji yaliletwa kwa mkokoteni wa punda. Mvua ikinyesha, udongo mweusi ulishika viatu mpaka ukatembea kama mtu aliyefungwa mawe miguuni.

Dalili ya kwanza ilitufurahisha. Mama alifundisha watoto wa kanisa Jumapili, na akawasimulia hadithi moja Jumapili tatu mfululizo. Watoto walipiga makofi, maana mara ya tatu walikuwa wanaijua yote. Dalili ya pili haikumfurahisha mtu. Jumatatu moja alivaa sketi yake ya kazi, akabeba chaki kwenye mkoba, akaenda kusimama kituoni angoje gari la Kajiado. Jirani yetu Mama Hafsa, aliyekuwa na duka la nguo karibu na kituo, ndiye aliyemrudisha.

"Mwikali, binti yangu," aliniambia jioni nikirudi, "mamako leo alikuwa anaenda shule. Mimi sikumwambia shule imeisha. Nilimwambia leo ni sikukuu."

"Akasema nini?"

"Akauliza sikukuu ya nani. Nikasema yangu." Akacheka, kisha akanipa kikombe cha chai ya tangawizi bila kuniuliza kama nataka. Nitakuambia jambo moja hapa: utakaposaidiwa na mtu wa namna hiyo, usianze kufikiria utamlipaje. Mimi nilipoteza wiki nzima nikifikiria.

Nilikuwa nimemaliza chuo mwaka huo, na nilikuwa nimepata kazi ya msaidizi wa maabara Nairobi, kwenye mradi wa Daktari Saadia, mwanamke mwembamba asiyepandisha sauti. Tishu zetu zilitoka ng'ambo, zimegandishwa, kila kipande kidogo kuliko punje ya maharagwe. Nyingine zilitoka kwa watu waliokuwa na Alzheimer, nyingine kwa watu wa umri wao wasiokuwa nayo. Kila seli ina jeni zote, lakini si zote zinazofanya kazi kwa wakati mmoja. Tulipima zipi zinafanya kazi, kwa kiasi gani, kisha tukalinganisha ubongo wa mgonjwa na wa asiye mgonjwa. Kile tulichopima huoza upesi sana. Kidole kitupu kikigusa sampuli, imeharibika. Nilijifunza kuvaa glavu mbili, kufanya kazi juu ya barafu, na kukaa nikiwa nimeweka mikono yangu mbali na kila kitu.

Watu wale hawakuwa na majina, walikuwa na namba. Kumi na Saba alikuwa mwanamke wa miaka sitini na miwili, mgonjwa. Mama alikuwa na sitini. Kila nilipotoa Kumi na Saba kwenye friza nilimwambia pole, kwa Kikamba, nikihakikisha hakuna anayesikia.

Nilijua Mama anaumwa nini kabla ya kliniki. Hilo halikunisaidia hata kidogo.

Kliniki ilikuwa kila miezi mitatu. Nenda mapema, chukua chakula, na uketi mwisho wa benchi ulio karibu na mlango, kwa sababu mgonjwa wako atataka kutoka. Tulisogea kwenye benchi kidogo kidogo, mtu mmoja akiitwa sote tunahama nafasi moja. Mara ya kwanza tuliketi karibu na mwanaume aliyefunga mkono wake pamoja na wa babake kwa leso. Hakuona haya. Alimenya yai la kuchemsha, akaligawa mara nne, akampa babake, akampa Mama, akanipa mimi, akala lake. Hatukuulizana majina. Nimemkumbuka kuliko madaktari wote.

Ndani, daktari alimpa Mama karatasi, akamwambia achore uso wa saa. Mama alichora duara zuri, duara la mwalimu wa darasa la kwanza. Kisha namba zote kumi na mbili akazirundika upande mmoja, kama watoto waliokimbilia kivuli. Daktari aliirudisha karatasi mbele yake. Mama akaitazama, akatikisa kichwa, akachukua kalamu ya daktari akaweka alama ya kosa.

"Huyu mtoto arudie," akasema. "Si mjinga. Ana haraka."

Daktari alicheka. Mimi nilienda choo cha wagonjwa nikasimama pale mpaka mtu akagonga mlango.

Kioko alikuwa anatungoja nje siku hiyo. Anaishi Nkoroi na mke wake na watoto wawili, na ni mtu anayefanya uamuzi wakati mimi bado natafuta kalamu. Aliniambia pale pale, Mama akiwa anasoma bango la chanjo ukutani kwa sauti.

"Mama Naserian amesema tumpeleke Kajiado."

Mama Naserian alikuwa mpishi wa shule ile. Yeye na Mama walikuwa wamekunywa chai pamoja saa nne asubuhi kwa miaka yote ishirini na saba, na boma lake liko ng'ambo tu ya uwanja wa shule.

"Yeye si wa familia," nikasema.

"Ako na wasichana watatu nyumbani na wajukuu kama kumi. Wewe uko na nani? Unatoka asubuhi, unarudi jioni, unamwachia msichana wa kumwangalia ambaye anabadilika kila mwezi."

"Mama ananijua mimi, Kioko."

"Leo."

"Na kesho."

"Sawa. Basi tufanye hivi. Mpaka siku hatakujua wewe. Siku hiyo anaenda Kajiado, na hakuna kulia."

Nilikubali, kwa sababu sikuamini siku hiyo ingefika. Na kwa kuwa sijui kuamini kitu bila kukipima, nilinunua daftari. Kila asubuhi, kabla ya chai, nilimuuliza Mama maswali matano. Leo ni siku gani? Tuko wapi? Jina lako nani? Kioko ni nani? Mimi ni nani? Akipata niliweka alama ya vema, akikosa niliweka mkasi, ile alama ya kosa. Kulikuwa na nafasi ya maelezo pembeni. Mama alijibu kwa adabu, ameketi wima kama yuko mbele ya mkaguzi wa shule. Siku nyingine alinisahihisha: "Usiulize haraka. Mpe mtoto nafasi."

Swali la kwanza lilianguka mapema, karibu na Krismasi. La pili lilianguka mvua za Aprili zilipoanza. Hilo la jina lake lilishangaza, kwa sababu halikutoka moja kwa moja. Lilikuja na kuondoka mpaka baridi ya Julai, halafu likaondoka. Swali la Kioko lilianguka Agosti. La tano lilibaki. Kila nilipoona mikasi minne na vema moja, nilishika vema hiyo. Niliitumia kupimia mengine yote. Hajui siku, lakini ananijua, kwa hiyo bado yuko. Hajui jina lake, lakini ananijua.

Mwili wake nao ulikuwa unaondoka. Alikonda mabegani, visigino vikapasuka, akaanza kuburuta mguu wa kushoto. Siku ya kwanza kumwogesha alijifunika kwa mikono yote miwili akaniambia, "Toka, mimi ni mtu mzima." Nilitoka. Nikaketi nje ya mlango wa bafu nikimsikiliza akiwa amesimama tu, bila kujua kinachofuata. Mwisho niliingia nikiwa nimefumba macho, nikamwambia nimefumba, akaniruhusu. Mimi mwenyewe nilikonda. Nywele zilinitoka kwenye kitana. Nilikuwa nanawa mikono mara nyingi sana, kabla ya kumshika na baada ya kumshika, mpaka ngozi ya vidole ikawa kama karatasi. Mama Hafsa aliona. "Unaogopa utaambukizwa?" Nikasema hapana, ni mazoea ya kazi. Sikujua kama ni kweli.

Kwenye nafasi ya maelezo, mwezi huo huo wa Agosti, niliandika: *Mkono wa kulia unainuka wenyewe. Unafika usawa wa kifua, kiganja kimetazama chini, unakaa hapo, kisha unashuka. Kutetemeka?* Ilitokea nilipoingia chumbani, au msichana wa kazi alipoingia, au, akiwa ameketi dukani kwa Mama Hafsa, mteja alipopita karibu naye. Niliuhesabu. Siku moja mara kumi na moja. Nilimpelekea daktari hesabu hiyo kwenye kliniki iliyofuata, nikamwonyesha na tarehe, naye akaniamini, kwa sababu nilieleza kama mtu wa sayansi. Akaongeza dawa ya kutuliza mkono. Dawa hiyo ilimfanya Mama asinzie mezani, kidevu kifuani, kila mchana kwa miezi kadhaa. Mkono ulitulia kweli. Niliandika: *Imesaidia.*

Kisha likaja kiangazi kirefu. Ng'ombe waliletwa hadi katikati ya mji, wakala majani ya kando ya barabara na makatoni. Asubuhi moja, vumbi likiwa limeingia hadi kwenye sukari, niliuliza swali la tano.

"Mimi ni nani?"

Mama akanitazama kwa upole mwingi. "Wewe ni mgeni," akasema. "Karibu chai."

Niliweka alama ya vema.

Naomba usome sentensi hiyo tena, kwa sababu ilinichukua muda mrefu kuiandika. Kazini sikuwahi kubadilisha hata namba moja ya desimali. Nilikuwa mtu wa kurudia kipimo mara tatu kwa kuogopa nimekosea cha pili. Nyumbani kalamu yangu haikusita. Na siku iliyofuata aliponiita Mama Naserian, niliweka vema. Na iliyofuata, alipokaa kimya, niliweka vema. Baada ya wiki moja niliacha kuuliza lile la tano. Niliweka vema tu, nikamimina chai.

Mwezi huo Daktari Saadia aliniita ofisini kwake. Alikuwa na karatasi zangu za miezi mitatu mezani.

"Kwenye wagonjwa wako, jeni karibu zote zimepanda," alisema. "Unaona ni jambo la kawaida?"

"Nilishangaa. Lakini nilirudia mara tatu."

"Ulilinganisha na jeni gani?"

Kwa sababu kila kipande cha tishu kina kiasi chake, huwezi kusema jeni fulani imepanda bila kuwa na nyingine ya kulinganishia, moja unayoamini haibadiliki, kwa mgonjwa wala kwa mzima. Nikamtajia. Ilikuwa ile ya kawaida.

"Uliijaribu kwanza kwenye tishu hizi?"

"Kila mtu anaitumia, Daktari."

"Sikuuliza kila mtu." Akanigeuzia karatasi. "Imeshuka. Kwa Kumi na Saba imeshuka karibu nusu. Zile nyingine hazijapanda popote, Mwikali. Ni fimbo yako ya kupimia ndiyo imefupika. Umechagua kipimo kinachougua pamoja na mgonjwa."

Nikaanza kuomba msamaha. Akainua mkono. "Usiniombe msamaha, rudia. Tafuta kitu ambacho kweli hakijabadilika. Huwa kipo. Lakini lazima ukitafute, huwezi kukichagua tu kwa sababu unakipenda."

Nilirudi kwenye benchi yangu, nikavaa glavu mbili, nikakaa. Nilifikiria daftari. Nilifikiria nitamwambia Kioko Jumamosi. Jumamosi ilipita. Nikafikiria nitamwambia baada ya mvua.

Alikuja mwenyewe, Jumapili alasiri, na mikate miwili na ndizi. Mama alikuwa ameketi sebuleni kwenye kiti chake. Ile dawa ilikuwa imeisha wiki iliyotangulia na nilikuwa sijaenda kuchukua nyingine, kwa hiyo alikuwa macho. Kioko alichukua daftari kwenye rafu, akaanza kulifungua kurasa, akitafuna ndizi. Akaacha kutafuna.

"Hajui jina lake," akasema. "Mimi hanijui tangu Agosti. Lakini wewe anakujua kila siku. Kila siku, Mwikali? Hata siku ile alikuwa na malaria?"

Akasogea akachuchumaa mbele ya kiti.

"Mama. Huyu ni nani?"

Mama akanitazama. Mkono wake wa kulia ukapanda hadi usawa wa kifua, ukakaa hewani, ukashuka. Nikajikuta nimeuhesabu.

"Huyu ni mwalimu mpya," akasema. Halafu kwa sauti ya chini, kwa Kioko: "Ameletwa lini? Hakuna mtu aliniambia."

Kioko alikaa chini sakafuni. Nilidhani atapiga kelele. "Tangu lini?"

"Tangu kiangazi."

"Kule kazini ukifanya hivi watakufanya nini?"

"Watanifuta."

"Basi," akasema. Akasimama, akaenda jikoni, akaosha vikombe vyote, hata vilivyokuwa safi. Tangu tuzaliwe sikuwahi kumwona Kioko akiosha kikombe. Niliposikia maji yamenyamaza nilimwendea. Alikuwa anafuta mikono kwa shati lake.

"Wiki moja," nikamwambia. "Tumpeleke wiki moja tu tuone. Akilia namrudisha."

"Wewe ndio utalia," akasema, lakini bila ukali.

Tulimpeleka Jumamosi iliyofuata kwa pikapu ya rafiki yake. Nilikuwa nimeshona jina la Mama na letu ndani ya ukosi wa kila gauni. Nilikuwa nimeandika kurasa nne za maagizo kwa ajili ya Mama Naserian, ambaye nilikumbuka njiani kwamba hasomi. Isinya ikapita, ile mistari ya milima ikatokea, na kichwani mwangu nilikuwa tayari nimepanga maneno ya kumrudisha.

Mama Naserian alikuwa amesimama langoni na shanga zake zote, mnene na mwenye sauti kubwa kama nilivyomwacha.

"Sopa, Mwalimu!"

"Epa," Mama akajibu kwa Kimaasai. Hapo hapo. Bila kufikiria, bila kutafuta. Kioko alinigeukia.

"Kujeni!" Mama Naserian akaita nyuma yake. "Wote kujeni, musalimie Mwalimu!"

Wakatoka watoto, wengine wa kwake, wengine wa jirani, na vumbi miguuni, wakubwa mbele. Wa kwanza, msichana wa miaka saba hivi, akasimama mbele ya Mama, akainamisha kichwa.

Mkono wa kulia wa Mama ukainuka, ukafika usawa wa kifua, kiganja kikitazama chini. Mara hii kulikuwa na kichwa pale.

"Haya, ingia," Mama akasema.

Msichana akasogea. Akaja wa pili. "Haya, ingia." Wa tatu. Hakuharakisha, hakuruka hata mmoja. Mtoto mdogo kabisa, asiyefika kiunoni, alisahau kuinama, na Mama akangoja, kiganja kikiwa hewani, mpaka dadake alipomsukuma shingo kwa mbele.

Nilishika mlango wa pikapu. Miezi ile yote alikuwa akitusalimia. Mimi nilipoingia chumbani, msichana wa kazi, wateja wa Mama Hafsa kule dukani, sote alikuwa ametunyooshea mkono, akangoja tuinamishe vichwa, na hakuna aliyeinamisha. Nilikuwa nimeupima mkono ule. Nilikuwa nimeupeleka kwa daktari nikautafutia dawa. Na mimi ndiye niliyesimama kwenye foleni ile kila asubuhi ya utoto wangu.

Nilimwambia Kioko ile dawa nisingeichukua tena, na akasema sawa kwa kuwa hakujua ninazungumzia nini. Baadaye nilimweleza, na nilimweleza daktari pia, naye akakubali iachwe. Kurasa zangu nne za maagizo nilizirudisha mfukoni. Nilimwambia Mama Naserian mambo mawili: anapenda chai isiwe moto sana, na usiku aachiwe mlango wa chumba wazi kidogo.

"Hiyo najua," akasema. "Huyu nimekunywa chai na yeye mbele yako wewe hujazaliwa."

Wiki haikurefushwa wala kujadiliwa. Ilipita tu, na Mama akabaki.

Sitakuficha kuhusu nyumba ya Kitengela baada ya hapo. Mwenye mkokoteni aliendelea kuleta mitungi minne kwa sababu nilisahau kumwambia apunguze, na nikawa na maji mengi kuliko nilivyojua kuyatumia. Asubuhi niliweka vikombe viwili. Nilijiuliza maswali matano mwenyewe, siku gani, tuko wapi, jina lako nani, na nilipofika la nne na la tano nilinyamaza, maana hakukuwa na mtu wa kuulizwa. Nilijiuliza pia kama nilimpeleka kwa sababu ya mkono ule, au kwa sababu nilikuwa nimechoka na mkono ukanipa ruhusa. Bado sijui. Ukijikuta na swali kama hilo, nenda kaketi dukani kwa mtu. Mama Hafsa aliniweka kwenye stuli, akanipa nguo za mitumba nizikunje. Mchana mwingi tulikaa hivyo, hatuzungumzi.

Kazini nilirudia kila kitu. Ilinichukua hadi mvua za vuli kupata jeni ya kulinganishia iliyotulia kweli, kwa wagonjwa na kwa wazima, na haikuwa ile niliyoitarajia. Kumi na Saba nilimpima upya. Mengi yake yalikuwa yameshuka, mengine yalikuwa pale pale. Nilimwambia pole yake kama kawaida, na mara hii Daktari Saadia alikuwa mlangoni akasikia. Alifunga friza kwa upole, akaondoka.

Mama alifariki miaka miwili baadaye, mchana, mvua za Aprili zikiwa zimeanza, akiwa amelala kwenye kitanda cha Mama Naserian mwenyewe. Watoto wote wa boma walikuja kusimama ukutani. Alikuwa ameacha kutembea, kisha kumeza, na hakuwahi kuniita jina langu tena. Kama unangoja kuitwa jina, sitakuambia usingoje, maana usingenisikiliza. Nakuambia tu uangalie pia kwingine.

Lakini siku ninayotaka kukuachia ni nyingine, Jumamosi ya kawaida, kama miezi minne baada ya kumpeleka. Nilifika kabla ya saa tatu. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda nje, blanketi magotini, na watoto walikuwa wanapita mbele yake kabla ya kwenda kuchezea uwanjani. Kwa kawaida nilingoja wamalize, kisha nikamsalimia kwa kumshika bega, naye alinikaribisha kama mgeni. Siku hiyo, sijui kwa nini, na mara moja maishani sikutaka kujua, nilisimama nyuma ya yule mtoto wa mwisho.

Walikuwa tisa mbele yangu. Wakabaki wanne. Yule mdogo, ambaye sasa alijua kuinama, akageuka kunitazama kutoka juu mpaka chini. "Wewe ni mkubwa," akaniambia.

"Najua. Songa."

Zamu yangu ikafika. Nilipiga magoti kwenye vumbi, kwa sababu kigoda kilikuwa kifupi na mimi ni mrefu, nikainamisha kichwa. Niliona viatu vyake vya mpira na soksi za Kioko. Nilisubiri. Kisha kiganja kikashuka utosini mwangu, kikavu, chepesi, chenye joto la jua. Kilikaa muda ule ule kiliokaa kwa wengine. Sikuuhesabu.

"Haya, ingia," Mama akasema.

Nikaingia.